Kutoka MySQL 5.7 kwenda 8.4: kwa wewe uliyekabidhiwa seva juzi

Mdogo wangu, iko siku bosi atakwambia tu, "Hebu tuhamishie hifadhidata kwenye toleo jipya." Mara nyingi utakuta ni MySQL 5.7 (MySQL ni programu ya kuendesha hifadhidata), ambayo msaada wake ulikoma Oktoba 2023 na bado imejaa maofisini. Utafungua mwongozo, utaona amri ni chache, utasema hii kazi ya saa moja usiku. Amri kweli ni chache. Tangu 8.0.16, hata mysql_upgrade, amri ya kuhuisha majedwali ya mfumo, huhitaji kuiita, seva inajihuisha yenyewe inapowaka. Kinachokula muda ni programu zinazoitegemea hiyo hifadhidata.

Toleo kuu halirukwi: 5.7 inapita 8.0 kwanza, ndipo 8.4. Wala usiweke kambi 8.0, maana mwisho wa msaada wake ni Aprili 2026. Na ujue kwamba hakuna kurudi nyuma kwa mafaili yale yale, yakishahuishwa na 8.0, 5.7 haiyafungui tena. Kinga yako ni nakala rudufu, na nakala ambayo hujawahi kuirejesha kwenye mashine nyingine ukahesabu mistari ya majedwali yake, mimi siihesabu.

Kabla ya yote, endesha util.checkForServerUpgrade() ndani ya MySQL Shell, programu ya kuandikia seva amri. Itakutajia mengi, yakiwemo majina yaliyogeuka kuwa maneno ya seva yenyewe, kama RANK na GROUPS. Mifumo ya VICOBA na SACCOS ina majedwali mengi yanayoitwa groups! Lakini kikaguzi hicho kinatazama hifadhidata tu. Maulizo ya SQL yaliyoandikwa ndani ya kodi (msimbo wa programu) ya PHP au Java hakiyaoni, na huko ndiko matatizo yanakojificha.

La GROUP BY, agizo la kukusanya mistari kwa makundi, ndilo linalonisumbua kuliko yote. Katika 5.7, ulizo lenye GROUP BY mkoa lilileta majibu yakiwa yamepangwa, Arusha, Dodoma, Iringa, hata kama mwandishi hakuweka ORDER BY, agizo la kupanga. Kuanzia 8.0 upangaji huo wa bure uliondolewa. Hakuna kosa litakalotokea wala logi itakayolalamika. Ripoti itatoka na jumla sahihi, ila mistari imechanganyika. Sasa mfikirie mhasibu anayenakili namba hizo kwenye Excel kwa kufuata mpangilio wa mwezi uliopita. Au kodi inayochukua mstari wa kwanza kwa LIMIT 1 ikiamini ndio mdogo kuliko yote. Pitia kila GROUP BY kwa macho yako, na panapohitaji mpangilio uandike ORDER BY.

Kolesheni, yaani kanuni ya kulinganisha herufi, inachelewa kuuma. Majedwali ya zamani yanabaki na yake, lakini hifadhidata mpya ukiiunda bila kutaja kitu inapewa utf8mb4_0900_ai_ci. Siku ukiunganisha jedwali la huku na la kule kwa safu ya jina, seva inagoma: "Illegal mix of collations". Itaje kolesheni waziwazi tangu mwanzo.

Manenosiri nayo yaangalie kabla ya 8.4. Akaunti za zamani zinatumia mysql_native_password, njia ya zamani ya kuthibitisha nenosiri, na 8.4 imeizima. Unaweza kuiwasha kwenye faili la mipangilio, lakini 9.0 imeiondoa kabisa, kwa hiyo hamisha akaunti kwenda caching_sha2_password na uhuishe dereva (vipande vinavyounganisha programu na seva) za programu kuukuu.

Fanya jaribio zima kwenye nakala, ukitumia maulizo halisi ya siku ya kazi na yale ya kufunga mwezi, kisha linganisha majibu ya seva mbili na muda uliotumika. Usiku wenyewe usiwe wa kuamkia mishahara. Amueni mapema ni saa ngapi mtaacha kuhangaika na kurudi kwenye seva ya zamani, ambayo mafaili yake hayajaguswa, maana watumiaji wakishaanza kuingiza data upande mpya, kurudi ni kuzipoteza au kuziingiza upya kwa mkono. Ile ya zamani izime, usiifute, mpaka ripoti za mwisho wa mwezi zitoke na mhasibu azikubali.