Dada wa Nakuru aliniuliza kama Waburma wamekata tamaa

Wiki jana niliamka nikakuta meseji ndefu kutoka kwa msichana wa Nakuru anayesoma hizi posti zangu. Aliandika hivi: "Mwalimu, wewe uliishi na Waburma. Nimeona jeshi lao limefanya uchaguzi na chama chao kikashinda. Hao watu bado wana matumaini kweli? Nauliza kwa sababu sisi tulitoka barabarani Juni 2024, saa hii grupu yetu imegawanyika, rafiki yangu wa karibu alianza kutetea serikali na hatuongei tena. Nifanye nini?"

Niliisoma nikiwa bado kitandani na machozi yakanitoka. Hilo swali nimelibeba miaka mingi, na najua wengi mnaosoma hapa mnataka kile ninachokitaka mimi, nchi ambayo mtu hatolewi nyumbani kwake usiku kwa sababu ya jina la ukoo wake. Kwa hiyo dada, nakujibu mbele ya watu wote, na nitaenda polepole.

Kwa wale wageni, mimi ni mtoto wa Burnt Forest. Januari 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya, tulitoka kwetu na nguo tulizovaa, mama amebeba sufuria moja na mdogo wangu mgongoni, tukaishi kwenye hema pale showground ya Nakuru. Mambo ya chuo na kutafuta kazi siyarudii leo. 2012 nikajikuta Mae Sot, mji wa Thailand ulio mpakani kabisa na Burma (Myanmar), nafundisha Kiingereza kwenye shule ya watoto wa wahamiaji wa Kiburma. Mto Moei ndio mpaka, kiangazi watu wanauvuka kwa miguu chini ya daraja ambalo wengine wanapita na pasipoti, na ng'ambo yake ni Myawaddy. Walikuwa wananiita Sayama, yaani mwalimu wa kike. Nililipenda hilo jina na mpaka leo mtu akiniita hivyo nageuka.

Nilifika wakati wa furaha kubwa. Aung San Suu Kyi, kiongozi wa upinzani dhidi ya majenerali, alikuwa ametolewa kifungo cha nyumbani Novemba 2010, baada ya kufungiwa karibu miaka 15 kati ya miaka 21, halafu tarehe 1 Aprili 2012 chama chake cha NLD kikashinda viti 43 kati ya 44 kilivyogombea kwenye uchaguzi mdogo. Mwalimu mwenzangu wa hesabu, mama mmoja kutoka Bago, alileta sinia kubwa la saladi ya majani ya chai, tukala kwa mikono kwenye ofisi ya walimu huku analia na kucheka. Baba yake aliandamana kuupinga utawala wa jeshi 8 Agosti 1988, akaona wenzake wakipigwa risasi. Kisha 1990 watu wakapiga kura, NLD ikapata viti 392 kati ya 485, na majenerali wakaikalia hiyo kura kama haikupigwa. Huyo mama alikuwa amesubiri miaka 22 na picha ya Amay Suu, Mama Suu, ikiwa imekunjwa ndani ya pochi yake. Unafikiri ningemwambia nini? Nilifurahi naye. Nilijiona niko kwetu.

Lakini kuna kitu nilikiona siku ile ile nikakipita, na hapo ndipo ushauri wangu unaanzia. Vijana wa Kikaren, moja ya makabila madogo ya Burma, hawakushangilia. Mmoja, mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Mae La, alikaa tu dirishani, nikamuuliza mbona umenyamaza, akasema, "Sayama, huyo mama ni wao," yaani wa Wabamar, kabila kubwa la nchi. Wakaren wamekuwa vitani na serikali ya Burma tangu Januari 1949, yaani babu yake alizaliwa vitani, baba yake vitani, na yeye kambini. Baba yake Suu Kyi, Jenerali Aung San, alisaini mkataba wa Panglong Februari 1947 na Washan, Wakachin na Wachin, akiwaahidi kujitawala ndani ya muungano, halafu Julai akauawa na ile ahadi ikafa naye. Wakaren hata hawakuwa kwenye hiyo saini. Huyo kijana alikuwa na miaka 15 na alijua hayo yote, mimi mwalimu sikujua.

Kwa hiyo dada, cha kwanza: kabla hujafurahi kwamba nchi inapona, angalia nani amekaa dirishani. Sisemi uache kufurahi. Angalia tu.

Juni 2012 vurugu zikaanza jimbo la Rakhine kati ya Wabudha na Warohingya Waislamu, na zikatufikia darasani kupitia simu. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja Mwislamu, si Mrohingya, ni wa mji wa Mawlamyine, mvulana wa miaka 13, mpole, hodari wa tahajia. Wenzake wakaanza kumwita kalar, ambalo ni neno la dharau kwa Waislamu na watu wa asili ya India. Mara ya kwanza nilisikia nikajifanya naandika ubaoni. Mara ya pili pia. Nilikuwa mgeni, naogopa kufukuzwa kazi, na nilijiambia hayo ni mambo yao. Baada ya wiki tatu akaacha kuja shule. Mimi, mtoto wa hema la Nakuru, niliyejua vizuri jinsi jirani anavyoanza na jina kabla hajaja na kiberiti, niliandika ubaoni.

Hilo nimekuwa nalo mpaka leo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya maneno matamu. Neno lilikuwa maridhiano ya kitaifa, kila mahali. Na mimi niliamini kwa sababu kwetu pia tulikuwa tunaliimba. Ila tazama maridhiano yenyewe yalikuwa na nani. Machi 2013 Suu Kyi alikaa mstari wa mbele na majenerali kwenye gwaride la siku ya jeshi. Watu waliofungwa na hao majenerali walikuwa hawajaombwa hata samahani. Katiba ya 2008 ililipa jeshi robo ya viti vya bunge bila kura, na kuibadilisha unahitaji zaidi ya asilimia 75, kwa hiyo hesabu ile fanya unavyotaka, ufunguo uko kwa jeshi. Oktoba 2015 serikali ilisaini mkataba wa kusitisha vita na makundi 8 tu, mengine yakabaki nje. Novemba NLD ikashinda tena kwa kishindo na mwalimu mwenzangu akalia tena, saladi ya chai tena. Safari hii nililetewa sahani yangu peke yangu, ndio kipimo cha urafiki wetu wakati huo.

Halafu ikaja 2017. Nitaandika hapa kile ambacho sijawahi kuandika.

Kofi Annan, yule mzee aliyetupatanisha sisi Februari 2008, ndiye Suu Kyi alimwomba aongoze tume ya kutafuta suluhu Rakhine. Nilijivunia sana, nikawaambia walimu wote huyu mzee tunamjua, ametuokoa. Alitoa ripoti yake tarehe 24 Agosti 2017, akasema wazi suala la uraia na uhuru wa watu kutembea lazima litatuliwe. Kesho yake wanamgambo wa Kirohingya wakavamia vituo vya polisi, na jeshi likajibu kwa kuchoma vijiji. Watu zaidi ya 700,000 wakavuka kwenda Bangladesh. Na serikali ikawa inasema Warohingya wamechoma nyumba zao wenyewe.

Mwalimu mwenzangu aliiposti hiyo kwenye Facebook. Kwamba wamechoma wenyewe.

Nikamwambia mbele ya walimu wengine, kwa sauti ambayo najua ilitetemeka, hakuna mtu anayechoma nyumba yake halafu akimbie na sufuria kichwani. Nikamwambia mimi nimekimbia na hiyo sufuria. Akaniangalia kama hanijui, akasema, "Wewe Mwafrika unajua nini kuhusu nchi yetu?" Hakuna mwalimu aliyenitetea, hata mmoja. Watu niliokula nao kwa mikono miaka mitano. Desemba nikafunga mizigo nikarudi Kenya na sikumuaga.

Iliniuma na bado inauma kidogo, nisikudanganye. 2019 Gambia iliposhtaki Myanmar kwenye mahakama ya kimataifa kule The Hague kwa mauaji ya kimbari, nchi ndogo ya Afrika, na waziri wao wa sheria Abubacarr Tambadou ni mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mahakama ya Rwanda pale Arusha, mimi nilisimama sebuleni nikapiga makofi peke yangu. Mwafrika anajua nini? Anajua hilo. Na Desemba hiyo Suu Kyi mwenyewe akaenda The Hague kuitetea nchi yake, mama wa tuzo ya Nobel ya amani akilitetea jeshi lililomfungia. Nilizima TV.

Sasa dada, sikia vizuri, hapa sitaki unielewe vibaya. Tarehe 1 Februari 2021 hilo hilo jeshi likamkamata. Kosa lake ni kwamba Novemba 2020 alishinda viti 396 kati ya 476. Yaani maridhiano yote yale na majenerali, gwaride, The Hague, hayakumnunulia hata asubuhi moja. Ndiyo maana nakwambia ukiridhiana na mwenye bunduki kwa kumruka jirani uliyemkosea, utabaki huna jirani wala amani. Sisi pia tunawapenda sana wakubwa wakishikana mikono, tunapiga picha, tunasema nchi imepona, na ripoti ya tume yetu ya ukweli na maridhiano imekabidhiwa tangu Mei 2013 na watu wa hema la Nakuru tunazeeka. Usidanganywe na picha ya mikono.

Turudi Burma, kwa sababu uliuliza matumaini na hapa ndipo yalipo. Usiku baada ya mapinduzi watu walipiga sufuria saa mbili usiku, ni desturi yao ya kufukuza pepo wabaya, mji mzima, kila usiku. Madaktari na walimu wakaacha kazi. Jeshi likapiga risasi. Mandalay msichana wa miaka 19, Kyal Sin, aliuawa tarehe 3 Machi akiwa amevaa tisheti iliyoandikwa kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Bago, mji wa mwalimu mwenzangu, tarehe 9 Aprili waliuawa watu wasiopungua 82. Vijana wa mjini, watoto wa Wabamar walioitazama vita ya Wakaren kama habari ya mbali, wakakimbilia msituni kwa hao hao Wakaren. Na wakapokelewa! Wakapewa wali, wakafundishwa. Yule kijana wa dirishani aliniandikia akasema, "Sayama, sasa wanalala kwenye hema zetu na wanauliza maswali." Juni 2021 serikali ya upinzani, ile NUG, ikatoa tamko la kuahidi Warohingya uraia, na watu wakajaza mitandao picha wamevaa nguo nyeusi kuonyesha wako pamoja nao.

Juni hiyo hiyo nikapata meseji yake. Mwalimu wa hesabu. Nyumba yake Bago ilikuwa imeungua. Aliandika mistari mitatu tu, kwamba wanajeshi wamesema kwenye redio wanakijiji wamechoma wenyewe, na kwamba sasa amekumbuka sufuria yangu, na kwamba samahani.

Mimi sikujibu. Mwezi, mwaka, miaka minne na zaidi. Nilikuwa na haki ya kukasirika na niliishikilia hiyo haki kama shahada. Tetemeko la Machi 2025 lilipopiga Sagaing na Mandalay nilimtafuta kwenye picha, nikafungua meseji yake, nikafunga.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili, na nalirudia: hawajakata tamaa, ila tumaini lao limebadilika, halimsubiri tena Mama Suu, ambaye yuko kizuizini bado. Huo uchaguzi wa kuanzia 28 Desemba 2025 haukuwadanganya, NLD ilishafutwa 2023 na maeneo mengi hayakupiga kura kabisa. Wamegawanyika pia, makundi yanapigana yenyewe kwa yenyewe, na Warohingya wameumizwa tena na wale waliopaswa kuwa wenzao, usifikiri nakupakia asali. Watu zaidi ya milioni 3 wako nje ya makwao. Lakini kuna Mbamar aliyelala kwenye hema la Mkaren na kuuliza maswali, na hicho hakikuwepo 2012 tulipokuwa tunakula saladi.

Rafiki yako mpigie. Usimpigie kumshawishi kuhusu serikali, muulize alikuwa wapi siku mliyotoka barabarani, aliona nini, alipoteza nini. Na kama kuna siku ulimnyamazia mtu wakati anatukanwa, anza na hiyo, itaje kabisa kwa siku yake na mahali pake, usiseme tu "kama nilikukosea". Najua ni ngumu. Mimi imenichukua meseji yako.

Juzi usiku nilimjibu mwalimu wangu wa hesabu. Anaishi Mae Sot tena, amepanga chumba karibu na soko, anafundisha watoto waliovuka mto. Aliniita Sayama. Tumeongea saa mbili na nikamweleza habari ya ubao, na ya yule mvulana wa Mawlamyine, akasema anamkumbuka, alikuwa anakaa safu ya pili. Atawauliza wazazi wa zamani. Saa hii ana miaka 27 hivi, umri ambao jeshi limekuwa likichukua vijana kwa lazima tangu 2024, na hatujui yuko upande upi wa mto.