Asilimia ya faida lisiwe swali la kwanza

Swali lenu la wiki hii linasema: mtu anayeuza kwa niaba ya shule au kikundi amchagueje msambazaji wa bidhaa? Ninajibu kutoka Minnesota, Marekani, ambako niko kwenye kamati ya wazazi ya shule ya msingi wanakosoma wanangu. Kila mwanzoni mwa Desemba tunafungua duka la zawadi ndani ya maktaba ya shule. Watoto wanaingia darasa kwa darasa, kila mmoja na bahasha ambayo mzazi ameandika: mama dola 3, babu dola 2, mdogo wake dola 1. Mtoto anachagua mwenyewe, anafungiwa zawadi zake, anarudi nyumbani na siri.

Kampuni za kuhudumia maduka haya ni nyingi, na kwa kawaida hutoa bidhaa kwa mali kauli: mzigo unaletwa shuleni, mnauza, mnalipia kilichouzwa, kilichobaki kinarudi kwao. Wengine wanaleta hadi mifuko na vitambaa vya meza. Kwa kuwa masharti yanafanana, mkutano wa kamati huwa unakwama kwenye jambo moja: nani anatuachia asilimia kubwa? Hapo ndipo ninapopinga. Asilimia hiyo haitoki mfukoni mwa kampuni. Inapandishwa juu ya bei, na mlipaji ni mtoto wa darasa la pili mwenye dola 5 za kugawia watu wanne. Mimi naunga mkono kuongeza kiasi kidogo tu, na chote kiende kwa watoto waliokuja bila bahasha. Hao hawakosekani, na sioni shule ina haki gani ya kumsimamisha mtoto mbele ya meza atazame wenzake wakinunua.

Swali langu la kwanza kwa msambazaji ni la usalama. Mwaka 2006 hapa Minneapolis mtoto wa miaka 4 alifariki kwa sumu ya madini ya risasi baada ya kumeza kidani chenye umbo la moyo, kilichotoka kwenye bangili iliyotolewa kama zawadi kwa wanunuzi wa viatu. Kidani kile kilikuwa karibu risasi tupu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, ilipitishwa sheria ya nchi nzima kuhusu bidhaa za watoto wa miaka 12 na chini: leo risasi isizidi sehemu 100 kwa milioni, bidhaa ipimwe na maabara huru, isiyo ya mtengenezaji, iwe na cheti, na ibebe alama ya kudumu ya kumtambulisha mtengenezaji. Lakini mkufu ulioandikwa “Mom”, yaani mama, umetengenezewa mtu mzima. Msambazaji anaweza kukwambia sheria hiyo haiuhusu, na asiwe amesema uongo. Wakati huo huo anayeushika, kuuvaa njiani na kuuficha chini ya mto ni mtoto wa miaka 6, na nyumbani kuna mdogo wake anayetia kila kitu kinywani. Kwa hiyo tunaomba vipimo vya maabara vya mapambo yote ya chuma, ya wakubwa kwa wadogo. Anayetuma karatasi tunaendelea naye. Anayejibu “msiwe na wasiwasi, tunauzia shule nyingi” tunamshukuru na kuachana naye.

Kisha tunaagiza sanduku la sampuli na kuvitesa vile vitu. Tunavuta pete za kushikia funguo mpaka tujue zinaachia au haziachii. Tunasugua kikombe kwa karatasi yenye maji tuone kama rangi inatoka. Tochi ndogo tunazigeuza: kifuniko cha betri za kitufe, zile ndogo bapa za duara, lazima kiwe na skrubu, kwa sababu betri hiyo ikimezwa inaunguza koo la mtoto kwa muda mfupi sana.

Tunaangalia pia zawadi zimeandikiwa nani. Mizigo mingi imejaa mama, baba, bibi na babu, basi. Shule yetu ina Wakenya, Wasomali, Waliberia na Wahmong, jamii yenye asili ya Asia. Yuko mtoto anayelelewa na shangazi, yuko ambaye familia yake haisherehekei Krismasi. Msambazaji anayeturuhusu kubadilisha yaliyomo kwenye makasha, atuletee vitu visivyo na maandishi wala Baba Krismasi, ana uzito kwetu kuliko mwenye bei nafuu kidogo.

Meza moja tunaitenga kwa wafanyabiashara wa hapa hapa. Mama mmoja Mkenya hutuletea vinyago vya mawe ya Kisii kutoka Tabaka, mioyo midogo na wanyama kama kiboko, wa kukaa kiganjani. Huyu hatoi mali kauli, tunamlipa taslimu, kwa hiyo tunachukua kidogo. Vinaisha mapema.

Na hilo la kuisha ndilo msiloliachie bahati. Madarasa ya Jumatatu hukuta meza zimejaa, ya Ijumaa hukuta masalia. Msambazaji aandike kwenye mkataba kwamba tukimpigia Jumanne, mzigo wa nyongeza utafika kabla ya Alhamisi asubuhi, na kwamba usafiri wa kuleta na kurudisha ni juu yake. Asipoweza hilo la nyongeza lakini mengine yote anayo, tunamchukua. Ila sehemu ya mzigo tunaifungia stoo tangu siku ya kwanza na kuitoa kila asubuhi, darasa la mwisho nalo likute cha kuchagua.