Kanola imekufa nusu shamba, uivunje au uiache?

Juzi nimepata meseji ndefu kutoka kwa kijana wetu mmoja wa Kitanzania aliyeajiriwa huku Uingereza, upande wa Norfolk, msaidizi wa meneja kwenye shamba la nafaka. Ameandika: "Shikamoo dada, bosi amenikabidhi shamba la kanola, nusu imekufa, nusu ipo ipo tu, mbolea iko stoo, muuza pembejeo anapiga simu kila siku na bosi anataka jibu langu Ijumaa. Niivunje au niiache?"

Marahaba mdogo wangu. (Kanola ni zao la mbegu za mafuta, na kuivunja ni kuigeuza ardhini kwa trekta upande zao jingine.) Nimeshakujibu inboksi ila naandika na hapa kwa wote, manake najua wengi mnaonisoma hamna mpango wa kuzeeka mkiendesha trekta la mtu, mnataka siku moja jina la getini liwe la kwenu, na mwenye ndoto hiyo lazima ajifunze mapema kutoa uamuzi ambao siku ya kwanza watu watakucheka.

Mimi nilichekwa. Na bado inaniuma, siwafichi.

Wageni wa hapa wajue kidogo. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO, lile shirika la umma la kilimo, kule Basotu, Hanang, yale yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada. Nimekua nasikia harufu ya dizeli na makapi ya ngano, nilijua kombaini kabla sijajua baiskeli. Sasa niko Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, mimi na mume wangu tunalima shamba la kukodi, ngano, shayiri, maharage ya faba na hii kanola yenye maua ya njano mnayoiona kwenye picha za watu mwezi wa tano wakipiga selfi. Selfi ni nzuri, lakini wanaopiga hawajui mkulima amelala na presha kiasi gani tangu Agosti.

Manake kanola ya huku inapandwa Agosti mpaka mwanzoni mwa Septemba, inalala ardhini baridi yote, inachanua Aprili na Mei, inavunwa Julai. Karibu mwaka mzima hela yako iko nje inanyeshewa. Na adui yake mkubwa ni mbawakawa mdogo mweusi anayeng'aa, anaruka kama kiroboto ukimkaribia. Anatoboa majani mawili ya kwanza yakiwa ndo yanachomoza, na mche usiokufa hapo unatagiwa mayai pale chini kwenye udongo, funza wanaingia kwenye vikonyo vya majani na kuteremka mpaka kwenye shina baridi yote. Zamani mbegu zilikuwa zinapakwa dawa za neonikotinoidi, Umoja wa Ulaya ukazizuia kwenye kanola mwisho wa 2013 kwa ajili ya nyuki, na 2018 zikapigwa marufuku kabisa kwenye mazao yote yanayolimwa nje shambani. Zimebaki za pairethroidi, zile zilizotengenezwa kwa kuiga pareto, na huyu mdudu ameshazizoea, unapiga bomba na kesho yake unamkuta anakula. Ndo maana Uingereza ilikuwa na zaidi ya hekta laki 7 za kanola mwaka 2012, kufika 2021 zilikuwa zimebaki kama laki 3 tu. Sio kwamba wakulima wamekuwa wavivu, hesabu zimekataa.

Sa turudi kwenye kisa changu. Msimu ule wa 2023 tulipanda vizuri tu Agosti, unyevu upo, mbegu ikaota. Alafu Oktoba ikaja dhoruba ya Babet, kule Horncastle maji yakaingia mpaka majumbani, Januari ikaja nyingine ya Henk, na mvua haikuacha. Ile miezi 18 iliyoishia Machi 2024 ndo yenye mvua nyingi kuliko miezi 18 yoyote iliyowahi kurekodiwa England, na rekodi zao zinaanzia 1836. Kanola tulikuwa nayo mashamba mawili, la juu na la chini, na udongo wa lile la chini ni mfinyanzi mzito, maji yalisimama wiki na wiki, mizizi ikakosa hewa. Palipokuwa na nafuu kidogo njiwa pori wakashuka kwa mamia, wakala mpaka kwenye moyo wa mmea. Tuliweka mizinga ya gesi ya kulipua, siku mbili wanaogopa, siku ya tatu wanatua juu yake.

Februari mwishoni nikaenda kuhesabu. Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Sikuangalia kutoka barabarani kwenye gari, nilivaa gambuti nikaingia na fremu ya waya ya nusu mita kwa nusu mita. Unairusha, unahesabu miche iliyomo ndani, unazidisha kwa 4, unapata miche kwa mita mraba. Unatembea kwa kukatiza shamba zigizaga, sio kuzunguka pembeni, manake pembeni siku zote panadanganya, ama pazuri sana ama pameliwa sana. Kanola nzuri mwezi wa tatu inatakiwa iwe na miche 25 mpaka 40. Ila kanola ina tabia moja, ukiipa nafasi inatanua matawi inajaza, kwaiyo hata 10 iliyosambaa sawasawa ina matumaini. Neno la muhimu ni kusambaa. Kumi hapa na sifuri hatua ishirini mbele sio wastani wa tano, hapo una vichaka na una jangwa, na magugu yatakaa kwenye jangwa.

Shamba la juu lilikuwa na 12, 14, mahali 9, imesambaa. Shamba la chini 3, 4, sifuri, sifuri, 6, sifuri.

Alafu nikang'oa miche nikaja nayo nyumbani. Nikatandaza gazeti kwenye meza ya jikoni, nikachukua kisu kidogo cha kumenyea viazi, nikapasua kikonyo kimoja kimoja kwa urefu. Ya shamba la juu ilikuwa na funza mmoja, wawili, mingine haina. Ya shamba la chini kila kikonyo kina kovu la kahawia, ukipasua wanatoka funza weupe wenye kichwa cheusi na miguu sita midogo karibu na kichwa, mche mmoja unatoa kumi na kitu. Ukizidi watano kwa mche ujue mavuno yameshaanza kuondoka. Na hawa walishafika shinani, ile sehemu ambayo ndo ingerefuka itoe maua. Mche kwa nje bado ni kijani, mtu akipita anasema mbona unapona. Haponi huyo. Kwa ndani ameshaliwa. (Kama huna moyo wa kupasua, weka miche juu ya wavu, chini yake karai la maji, mahali pakavu. Ikinyauka funza wenyewe wanatoka wanadondokea majini, unahesabu.)

Nikasema shamba la juu tunaliacha, la chini tunalivunja tunapanda shayiri. Basi kelele. Mtaalamu tuliyekuwa tunamlipa atushauri akasema mwageni mbolea yote, kilo 200 za nitrojeni kwa hekta, kanola itaamka. Huyohuyo kampuni yake ndo inauza hiyo mbolea, nawaachia mfikirie. Na baba mdogo wa mume wangu, mzee wa watu amelima hapa miaka yote, akasema mbele ya wafanyakazi kwamba kwao hajawahi kuona mtu anapiga haro zao lililo kijani, na kwamba mimi nimetoka kwenye jembe la mkono nitajuaje kanola. Mume wangu akanyamaza. Siku ile nilimfikiria sana marehemu baba na yale matrekta yake ya Basotu, nikajiambia mtoto wa dereva wa NAFCO haambiwi ametoka kwenye jembe la mkono akalia. Nikarudi shambani, nikahesabu tena, namba zikawa zilezile, nikaenda kutoa trekta.

Kiangazi nakiruka, hakuna la kusimulia zaidi ya kungoja. Shayiri ya shamba la chini tuliipanda Aprili mwishoni, imechelewa kuliko nilivyotaka, lakini ilienda kwenye udongo uliokubali, na ilipovunwa nitrojeni ndani ya punje ikawa chini ya asilimia 1.85, wakaichukua watengeneza kimea kwa bei ya bia sio bei ya chakula cha ng'ombe. Shamba la juu la kanola halikutoa yale ya miaka mizuri ila lilijilipa. Na wale waliomwaga mbolea kwenye kanola ya funza, jamani sitaji mtu, walivuna shina na magugu. Mzee hajawahi kuniambia samahani mpaka leo. Ila mwaka uliofuata alikuja kuazima fremu yangu ya waya, hakusema ya nini.

Kwaiyo kijana wangu wa Norfolk, na wengine wote. Hela uliyokwisha kuzika Agosti, ya mbegu, ya dizeli, ya dawa, imeshaenda, hairudi ukiacha na hairudi ukivunja. Usiiweke kwenye hesabu ya leo. Swali la leo ni moja tu: mbolea na dawa nitakazoweka kuanzia sasa, je hii miche iliyopo itanirudishia? Hilo linajibiwa na miche, hesabu ya miche na funza waliomo ndani. Halijibiwi na muuza mbolea. Hesabu kwanza, mbolea baadae. Watu wananiandikia nimepulizia nini, nimeweka salfa au boroni, nawaambia umehesabu? Kimya. Hesabu.

Ukiamua kuacha, usiipe mbolea ya shamba zima kwa mazoea. Kanola nyembamba ina majani machache, haiwezi kula kilo 200 kwa mkupuo, igawe, anza kidogo na salfa, subiri uone inavyofunika ndo uongeze.

Ukiamua kuvunja, kabla hujagusa trekta nenda stoo katoe kitabu cha dawa. Kama vuli ile shamba lilipigwa propizamidi, ile ya kuua blakigrasi, gugu la jamii ya nyasi, shayiri na yenyewe ni nyasi, dawa haitaiuliza jina. Soma lebo inasema usubiri muda gani na upige plau kina gani kabla ya nafaka. Sisi shamba la chini halikupigwa manake mashine haikuweza hata kuingia kwa maji, ndo ikawa bahati yetu. Kama lako limepigwa, maharage ya faba yanavumilia na ndo kimbilio la wengi. Na kwenye shamba lenye blakigrasi kuvunja kuna faida nyingine, sehemu kubwa ya hilo gugu, kama asilimia 80, linaota vuli, kwaiyo ukiliua kabla ya kupanda Aprili umelipunguza kuliko dawa nyingi zingefanya kwenye ngano.

Alafu usikimbilie kupanda kwa sababu jirani ameanza. Nilimuona jirani anaingia Machi udongo ukiwa unang'aa nyuma ya haro kama umepakwa mafuta, nikazuia roho yangu. Chimba sepetu moja, chukua udongo wa kina cha mbegu, uviringishe kiganjani. Ukitoka kamba ndefu laini, rudi nyumbani kanywe chai. Ukivunjika vunjika, washa. Shayiri iliyochelewa ndani ya udongo mzuri inaipita iliyowahi ndani ya matope, hilo baba alikuwa analisema kwa ngano ya Basotu na udongo wa Lincolnshire haujambishia.

Kuhusu kanola yenyewe mniulize kama bado nailima, ndio, ila sio kwa tarehe ya kalenda. Siku hizi nachanganya na mimea mingine, klova ya berseem na bakwiti (buckwheat), ili mdudu achanganyikiwe kidogo, na mbegu siinunui mpaka nione unyevu umeingia ardhini mwanzoni mwa Agosti. Mwaka huu shamba la chini nimeshaliondoa kwenye orodha ya kanola kabisa. La juu linasubiri mvua, na isiponyesha linapanda ngano.