Kilomita 21 peke yangu: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, nimeshikwa na hamu ya kukimbia nusu marathoni. Sina mwenzangu wa mazoezi. Kilomita 5 namaliza, ya 6 pumzi inakata. Nikimbie peke yangu au nisubiri kikundi?
Msomaji, Katubuka, Kigoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usisubiri. Mimi zangu 21 nilizikimbia peke yangu, stesheni hadi Ujiji na kurudi, na kwa kuwa hazitimii, nikazungukia mitaa ya Mwanga kufidia. Njia alinipimia kijana wa bodaboda kwa mita ya pikipiki yake.

Pumzi inakukata kwa sababu unakwenda mbio mno. Kosa hilohilo liliniweka ndani wiki tatu, muundi wa kulia ukiuma hata nikiinuka kitandani. Kimbia polepole kiasi cha kumwitikia kila unayepishana naye na kumuuliza habari za nyumbani. Ukishindwa kumaliza salamu, tembea dakika moja, kisha endelea. Simbu siku ile alimpita mwenzake kwa sekunde 0.03 tu, baada ya kilomita 42. Nguvu za hatua ya mwisho hutunzwa tangu ya kwanza.

Siku 3 kwa wiki zinatosha: mbili fupi, Jumapili ndefu. Hiyo ndefu iongeze kilomita 1 kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguze mwili upumue. Ukifika 18 usiongeze tena. Mimi mazoezini niliishia hapo. Hesabu miezi minne na ushee.

Sasa suala la saa, na hapa nakusihi. Wenzetu wa Dar saa 12 asubuhi kumeshapambazuka, sisi huku magharibi bado ni giza. Jua letu huchomoza karibu na saa 1. Binti peke yake asitoke gizani. Mimi nilianza saa 12:30, barabara ikionekana. Nyumbani niliwaachia njia nitakayopita na saa ya kurudi.

Anzia stesheni. Kile kilima cha kupandia Mwanga ukipande miguu ikiwa mipya, ili mwisho uwe mteremko. Nilipofika kilomita ya 17 nyonga ilikaza, nikatembea karibu dakika kumi huku nalia. Kilichoniinua ni chupa niliyomwachia mama muuza maandazi pale Mwanga: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Mapajani paka mafuta ya mgando, la sivyo utachubuka. Usiku wa kuamkia mbio maharage yaache.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 52. Ukishaichagua Jumapili yako, niandikie. Chupa yako nitaishika mwenyewe pale Mwanga.