Maswali ya Wasomaji: Sauti na Koo

*Nauza mboga Kongowea. Nanadi tangu alfajiri, na ikifika adhuhuri nimepwelewa na sauti. Nikinong'ona ili niipumzishe, koo huzidi kubana. Tangawizi nayo hainisaidii sana. Nifanyeje? – Mama, Kisauni*

Pole, mama. Hewa hupanda kutoka mapafuni hadi kwenye zoloto, pale penye kongomeo, zilipo nyuzi mbili za sauti. Ukivuta pumzi hutengana. Ukinena hukutana, na hewa ikipenya huzitikisa: kwa wanawake karibu mara 200 kwa sekunde, kwa wanaume kama 100 hadi 130. Ukipaza sauti hugongana kwa nguvu. Zikigongana saa nyingi huvimba, zikawa nzito na zisikutane sawasawa. Hewa inayovuja hapo ndiyo inayoleta mkwaruzo.

Kunong'ona si kupumzika. Ni kweli nyuzi hazitikisiki, lakini wengi hukaza koo zima ili wasikike. Afadhali unyamaze, au useme kwa sauti ya chini. Usijikohozekohoze pia, maana huko ni kuzigonganisha upya.

Tangawizi hutuliza koo, ila kinywaji hupita njia ya chakula. Kikigusa nyuzi za sauti, umepaliwa. Kinachozifikia ni mvuke. Maji yanywe kidogo kidogo tangu asubuhi, usingoje kiu.

Kabla ya kunadi, zamisha mrija sentimita 2 au 3 kwenye glasi ya maji, kisha uvumishe "uuu" kupitia mrija huo, maji yakitoa mapovu, kwa dakika moja au mbili. Ukihisi koo linakaza, unapuliza kwa nguvu mno. Ukifika kwenye meza yako, vuta pumzi tumbo lijae, mabega yasipande, na unadi kwa maneno machache kila pumzi.

Ikipita wiki 3 bila nafuu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Ukitema damu, au kumeza na kupumua kukiwa kwa shida, nenda siku hiyo hiyo.

*Mume wangu wa bara hutamka kaa la moto na kaa wa baharini sawasawa. Tofauti yatoka wapi? – Msomaji, Likoni*

Kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kaa wa baharini ana mpumuo. Ulimi ukishaachia kaakaa, nyuzi za sauti hubaki wazi kitambo kidogo sana, pumzi ikafoka, ndipo irabu ianze. Kwenye kaa la moto hutikisika papo hapo. Mumeo aanze na paa wa mwituni na paa la nyumba, ukanda wa karatasi nyembamba ukiwa mbele ya midomo: kwa mnyama upepee, kwa nyumba utulie. Akishaweza hapo, ndipo aende kwenye kaa.