Meseji za WhatsApp haziingii mpaka nifungue programu

Ndugu, kama meseji zinamiminika pale tu unapoifungua WhatsApp, usiulaumu mtandao kwanza. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyotulia kioo kikiwa kimezimwa huzinyima intaneti programu za nyuma, yaani zile usizozifungua kwa wakati huo, ikizifungulia kwa vipindi.

Ingia Mipangilio, Programu, WhatsApp, kisha Betri, uchague isiwekewe vikwazo. Kwenye Xiaomi iruhusu pia ijiwashe yenyewe, la sivyo hatua hiyo haitoshi. Kiokoa Data nacho kiangalie, kisiwe kinaizuia WhatsApp kutumia intaneti ikiwa nyuma.

Na acha kuifagia kwenye orodha ya programu zilizo wazi ukidhani unaokoa chaji! Baadhi ya simu huhesabu hivyo kuwa umeisimamisha kwa lazima, na programu iliyosimamishwa haipokei kitu mpaka uifungue mwenyewe.