Nondo Anayepotea Kwenye Gome la Mti

SWALI: Ndugu Mhariri, asubuhi huwa nakuta nondo wa kijivu wametua ukutani karibu na taa ya nje, mbawa wamezitandaza. Nikimfukuza mmoja akatua kwenye shina la mgrevilea, simwoni tena. Kwenye mibuni yangu nako kuna viwavi wanaosimama kama vijiti. Je, hawa ni ukoo mmoja, na hujifichaje kiasi hicho? (Msomaji, Kiambu)

JIBU: Ndugu msomaji, inaelekea ni ukoo mmoja, kwani dalili zote mbili ulizozitaja ni za familia ya Geometridae, yenye zaidi ya spishi 20,000 zinazojulikana duniani. Nondo wake wana mwili mwembamba na mbawa pana, na wengi wanapopumzika huzilaza mbawa hizo zikabanana na gome, hata kivuli cha kuwafichua mbele ya ndege kikawa kidogo mno. Mistari yenye mawimbi hutoka bawa la mbele ikaendelea hadi la nyuma kana kwamba yote manne ni kitambaa kimoja, na jicho likiifuata hupoteza umbo la mdudu.

Hata hivyo rangi peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapowastaajabia zaidi. Watafiti wa Korea Kusini waliochunguza spishi mbili, Hypomecis roboraria na Jankowskia fuscaria, walieleza mwaka 2012 kwamba nondo akishatua hutembea kidogo na kujigeuza mpaka michoro ya mbawa ikaelekeana na nyufa za gome. Watu walioonyeshwa picha walipata taabu zaidi kumwona mahali alipotulia kuliko mahali alipotua kwanza. Ukutani pako hakuna nyufa za kulingana nazo, ndiyo maana unamwona waziwazi.

Kiwavi naye ana mbinu zake. Viwavi wengi wa vipepeo na nondo wana jozi tano za miguu laini ya nyuma, lakini hawa kwa kawaida wana mbili tu, mwishoni mwa mwili, na kwa hiyo hutembea kwa kujikunja kama upinde na kujinyoosha. Akihisi hatari hung'ang'ania tawi kwa miguu hiyo ya nyuma, akaunyoosha mwili kwa mshazari na kukakamaa. Kiwavi wa Biston betularia, nondo maarufu wa Uingereza, hubadilika pia rangi polepole kulingana na vijiti vinavyomzunguka, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba hufanya hivyo hata macho yake yakizibwa kwa rangi, kwa sababu ngozi yake nayo huhisi mwanga.

Kuhusu mibuni, anayefahamika zaidi Kenya ni Ascotis selenaria, ambaye kiwavi wake hula majani na vitumba vya maua. Alianza kuwa tatizo kubwa miaka ya 1960, baada ya dawa kali kama parathioni kuwaua wadudu wadogo wanaotaga mayai yao kwa viwavi, maadui ambao kujifanya kijiti hakuwazuii kumpata. Kwa hiyo nakusihi usikimbilie dawa inayoua kila mdudu. Kagua kwanza majani yaliyotafunwa pamoja na vinyesi vidogo vyeusi chini yake, kisha gusa kila "kijiti" kisicho na jani. Ikiwa viwavi ni wachache, waokote kwa mkono kabla hawajashuka kwenye udongo chini ya mbuni, ambako hugeuka kuwa pupa.